Mzigo wa Saa Tisa

Urve hataki picha.
Anataka herufi, kijani juu ya weusi,
namba zinazojiandika upya kila baada ya sekunde mbili,
na alama za reli zilizopangwa mstari mmoja
kupima kiasi gani kinaingia, kiasi gani kinatoka.
Vijana walimletea ubao wa rangi, wenye mishale kama ya gari.
Akautazama hadi mwisho, akawashukuru.
"Umependeza," akasema, "ila una kigugumizi."

Ghorofa ya chini, ofisi za mji, Paide.
Theluji imepanda hadi nusu ya kidirisha.
Seva kumi na nne zinakoroma kwa pamoja
na yeye, miguuni soksi za sufu jozi mbili, anazisoma:
Kumbukumbu, nusu imejaa.
Joto, thelathini na nane.
Mzigo, sifuri nukta nne mbili.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kweli,
lakini huu una desimali.

Saa tisa na dakika kumi na moja
mstari wa kutoka ukaanza kurefuka.
Reli ishirini. Hamsini.
Ukagonga ukingo wa skrini, ukakaa hapo.
Mwaka juzi walikuja hivi hivi,
wakahamisha orodha ya kodi ya mji mzima
mlinzi akikoroga chai.
Kidole kikatangulia: neno la kuua
likaandikwa, ikabaki namba ya wa kuuawa.

Akashuka safu kwa safu kuitafuta,
na kando ya namba akakuta jina.
kparnoja.
Kalju. Aliyestaafu Oktoba.
Akaunti yake inafutwa Ijumaa;
tangazo kaliandika Urve mwenyewe.

Faili zilikuwa za sauti, ndogo ndogo, elfu tatu na ushee,
kila moja imepewa tarehe badala ya jina.
Hakufungua hata moja. Ya nini?
Miaka tisa meza zao zilipakana,
na Kalju, mbishi, hapokei simu ya nyumbani saa za kazi,
huziacha zijirekodi, jioni akazisikiliza kwa spika:
Umesahau miwani.
Maziwa, Kalju, na yale mayai madogo.
Hujambo wewe, nimepiga tu.

Helve walimzika Aprili, ardhi bado ngumu.

Saa kumi ni zamu ya nakala rudufu, njia yote huwa yake.
Urve akaisogeza mbele kwa saa moja.
Kisha akaondoa kikomo cha Kalju;
kipimo kikajipanga upya, reli zikajaa tena hadi pembeni,
naye akavuta kiti.

Saa kumi na dakika arobaini zilibaki tatu,
moja,
kitone.
Daftarini akaandika: *Mzigo mkubwa wa kutoka. Chanzo kinajulikana.*
Akapiga mstari chini yake, akaweka saa.

Ijumaa atafuta yeye.
Amri yenyewe ina herufi mbili.