Doa la Bibo

Mimi ndiye nafua jezi za Mkunya Shooting.
Ndoo ya maji Newala ni mia tano, kiangazi mia saba,
na jezi ni ishirini na mbili, soksi sizihesabu.
Kwa hiyo msiniambie sijui mpira.

Mwalimu Ligunda ana daftari na filimbi,
mwenyekiti ana gari na ghala la korosho,
mie nina beseni.
Jumatatu asubuhi beseni linasema
nani alicheza na nani alihudhuria.

Mshambuliaji wetu mpya, yule wa Dar es Salaam,
aliyeshuka na begi la magurudumu na hereni moja,
jezi yake naichovya tu na kuitoa.
Mechi nne. Hata nyasi hazijamsalimia.
Wanasema analipwa laki tatu na chumba chenye feni.
Newala, huku juu, na ukungu huu wa asubuhi,
feni ya nini?

Kipa Nandonde huchanika kiwiko cha kulia,
cha kulia tu.
Nikamwambia mwalimu: kijana haruki kushoto.
Akacheka.
Jumapili Masasi wakatufunga mawili,
yote kushoto.
Sikusema kitu. Nilitunga uzi kwenye sindano.

Halafu kuna Shaibu, namba tatu.
Alfajiri anaokota korosho za bibi yake,
saa tisa yuko uwanjani na mfuko wa mabibo kwa wenzake.
Kifuani ana doa la kahawia, kubwa, kama ramani ya wilaya.
Doa la bibo halitoki.
Nimejaribu ndimu, chumvi, majivu,
sabuni ya mche na ile ya unga inayosifiwa redioni.
Na bukta yake! Udongo mwekundu mbele, udongo mwekundu nyuma,
peke yake hunimalizia ndoo nzima na nusu,
na nusu hiyo sijawahi kuidai.

Sasa dirisha dogo limefunguliwa.
Mnada wa pili bei imeanguka, mwenyekiti kanuna,
na akinuna anapenda kupanga watu madaraja
kama anavyopanga magunia.
Orodha imebandikwa mlangoni mwa ghala:
wanaotoka watatu, wanaoingia wawili.
Wa kwanza kutoka, Shaibu.
"Hana umbo," wameandika.

Umbo.
Yule winga wa Tandahimba alikuwa na umbo,
tukamtafuta dakika tisini,
tukamkuta mfukoni mwa Shaibu.

Hesabu yangu ni hii. Tuna pointi kumi na tisa.
Zimebaki mechi tisa, nyumbani tano.
Tushinde tatu, tutoke sare mbili, tuna thelathini,
na mwenye thelathini hashuki.
Ugenini siweki kitu, ugenini anajua Mungu na refa.
Shaibu akiwa kushoto, ningeapa.
Bila yeye, niulizeni mwezi wa tano,
nikiwa hai, na timu ikiwa hai.

Ila nikiri. Mwaka jana nilipiga kelele hizihizi
walipomwacha Mfaume Chilumba. Nilisusa wiki mbili,
jezi zikafuliwa na mtu mwingine, zikachuja.
Na aliyeletwa badala yake akafunga saba.
Beseni nalo hukosea.

Jana jioni kaja namba tatu mpya, katokea Nachingwea,
mrefu, mpole, shikamoo yake ya kuinamia.
Nikaichukua jezi kambani, nikampa.
Akaitazama kifua. Akakwaruza kwa ukucha.
"Mama, hili halitoki?"
"Halitoki."
Akaivaa hivyohivyo, ikambana mabegani.
Nilitaka kumchukia, nikakuta sijajiandaa.

"Jumatatu uniletee mwenyewe," nikamwambia,
"usimtume mtu.
Nataka niione mgongoni."