Jozi Moja ya Glavu

Somoe aliniambia mwezi wa saba
tukiwa kwenye foleni ya maji pale Luchingu,
ndoo zake mbili, madumu yangu matatu:
"Mwaka wa sita nameza dawa, kaka Mfaume.
Virusi havionekani kwenye kipimo.
Sikwambii ili unihurumie.
Nakwambia kwa sababu mkoba wa huduma ya kwanza unabeba wewe,
damu zetu unashika wewe."

Nikasema sawa.
Nikasema limeingia kisimani,
na kisima cha Newala ni kirefu,
ukitupa jiwe unasubiri mpaka usahau.

Fainali ikaja na msimu wa korosho.
Malipo ya mnada wa kwanza yametoka,
waliolipwa wamevaa viatu vipya,
wasiolipwa wamekuja kuwatazama waliolipwa.
Mpira wa pete, sisi na Mahuta,
uwanja wa mchanga mwekundu.

Robo ya kwanza Veridiana alichubuka goti.
Nililipuliza kama ninavyopuliza chai,
nikafuta damu kwa kiganja,
kiganja nikakifuta kwenye suruali.

Robo ya pili mlinzi wa Mahuta aling'oka kucha.
Nikamfunga, mikono mitupu, tunacheka.

Robo ya tatu Somoe aliruka,
kiwiko kikamkuta juu ya jicho.
Nami nikapiga magoti, nikazamisha mkono
chini ya spiriti, chini ya pamba na bendeji,
nikatoa jozi ya glavu, bado imo kwenye karatasi yake.

Pwa. Mkono wa kulia.
Pwa. Wa kushoto.

Muuza ming'oko aliacha kuhesabu chenji.

Sikusema neno. Naapa, sikusema.
Lakini uwanja mzima uliisoma mikono yangu
kama ubao wa magoli.
Lisemwalo lipo, alinong'ona mtu nyuma yangu,
na halikuwa limesemwa.

Asumini, nahodha wa Mahuta, alisimama kando ya mstari,
maziwa yameanza kulowesha jezi yake.
"Mimi nina mtoto wa miezi minne.
Nani angeniambia?"
Msimdhanie mbaya. Hofu yake ilikuwa na jina,
na uzito wa kilo sita mizani ya kliniki.
Jibu nilikuwa nalo,
ila lilikuwa mali ya Somoe, si langu kuligawa,
na nilikwisha kuligawa.

Mwalimu Nandonde, mwamuzi, akafungua kitabu cha kanuni.
Anayevuja damu atoke.
Damu ikikata, arudi.
Jezi iliyolowa ibadilishwe.
Akasoma tena, kidole kikifuata mstari,
akitafuta palipoandikwa damu ya nani.

Somoe akauliza, pamba imeganda kwenye nyusi,
sauti ya mtu anayeuliza bei:
"Na ninyi wengine, mmepima lini?"

Watu wakatazama viatu vyao vipya.
Wasio na viatu wakatazama mchanga.

Matokeo siyakumbuki. Kila mtu anasimulia yake.
Ninachokumbuka ni usiku, na hesabu isiyokubali:
kama ningevaa kwa goti la Veridiana,
kama ningevaa kwa ile kucha,
nani angejua?
Glavu ya watu wote ni glavu.
Glavu ya mtu mmoja ni kidole kilichonyooshwa.
Nilijiona mwangalifu.
Nilikuwa mbea asiye na mdomo.

Siku hizi nanunua boksi zima, duka la dawa la stendi,
fedha yangu mwenyewe.
Navaa kwa lengelenge, navaa kwa mwiba,
juzi nimevaa kwa pua ya mwamuzi.
Watoto wananiita Dokta, wanakimbia wakicheka.

Somoe bado anacheza, na bado anafunga.
Akiumia huja mpaka kwenye mkoba,
hachelewi, hanitazami,
huchukua bendeji mwenyewe
akaikaza kwa mkono mmoja na meno,

nami nimesimama pale
na mikono yangu myeupe, safi,
isiyo na kazi.