Gonga Kioo

Kilichotukutanisha si elimu, ni kuvu.
Unyevu wa ziwa hupanda usiku hadi mlimani,
huingia maabara bila hodi,
huota ndani ya lenzi, uzi kwa uzi,
na kila mmoja wetu alidhani ni aibu yake peke yake.

Mimi ya kwangu niliificha miaka mitatu.
Nilifumba jicho la kushoto, nikahesabu kwa la kulia,
nikaandika, nikapiga muhuri.
Nani angeuliza? Chumba kilikuwa na stuli moja.

Ndipo nikashuka Makoroboi, kwa Nshoma fundi miwani,
nimeifunga hadubini kwa kanga kama mtoto mwenye degedege,
nikakuta foleni.
Lugembe wa samaki, katoka Nyegezi, yake imo ndani ya ndoo ya rangi.
Bhoke wa pamba, katoka Ukiriguru, yake imo guniani,
imezikwa kwenye mchele mkavu ili unyonye maji.
Tukatazamana kama watu waliofumaniana kwa mganga,
kila mtu akijifanya amemsindikiza mgonjwa.

Nshoma hakucheka. Alifungua, akapuliza, akapangusa.
"Vyombo vitatu, ugonjwa mmoja," akasema. "Hamjuani?"

Hatukujuana.
Kati yetu palikuwa na nauli ya mia sita
na miaka kumi na mmoja.

Alhamisi ya kwanza tulikuwa watatu na chapati mbili.
Ya tatu, Ng'washi akaja na konokono wa Kayenze
kwenye chupa iliyokuwa ya asali.
Ya tano umeme ukakatika.
Tukaisogeza dirishani ile kongwe ya Bhoke, yenye kioo cha chini;
jua likaruka juu ya maji, likapiga jabali,
likapanda hadi kwenye gamba la sato,
nasi tukapanga mstari kama wanaosubiri kinyozi.
"Usiguse skrubu." "Sijagusa."
"Umegusa. Samaki kakimbia."

Siku hiyohiyo Lugembe alichungulia kioo changu,
tone la choo cha mtoto wa darasa la pili.
Alikaa sana.
"Hili yai ni la nini?"
"Si letu," nikasema. "La kichocho lina mwiba. Hilo halina."
Akachukua penseli. Akagonga kioo, mara moja, polepole,
yai likajiviringisha majini
na mwiba ukatokea ubavuni,
mfupi, umechongoka,
ulikuwa umelaliwa tu.

"Mashavu ya samaki yalinifundisha," akasema, kama anayeomba radhi.

Nyani haoni kundule,
hata ukimpa hadubini.

Nje feri ya Kamanga ilipiga honi.
Mimi nilikuwa nahesabu: ni "hakuna" ngapi
nimeziandika kwa wino wa bluu, kwa mwandiko mzuri,
zikarudi shuleni mifukoni mwa watoto
waliokwenda tena kuoga palepale?

Nilingoja mtu aseme neno.
Bhoke alivuta stuli. "Vioo vya zamani umevitunza?"
Nilikuwa nimevitunza, vile vilivyozibwa kwa rangi ya kucha.
"Basi vilete. Na daftari."
Vingi vilikuwa vimekauka, havikutuambia kitu.
Tukaandika majina, shule kwa shule,
tukagawana orodha kama jamaa wanaogawana matumizi ya msiba,
na Ng'washi, ambaye si wa idara yoyote,
ndiye aliyepanda bodaboda kwenda kuomba sampuli upya.

Sikulala wiki mbili. Sitasema walikuwa wangapi.

Leo tuko kumi na tisa, stuli ni nane,
wengine hukalia kreti za soda.
Hakuna anayepiga muhuri kabla ya jicho la pili,
na jicho la pili likikataa, tunaita la tatu, tunabishana,
chai inapoa.
Kuvu bado inakuja, kila masika.
Sasa tunaitangaza.

Mlangoni nilibandika karatasi:
GONGA KIOO KABLA HUJASEMA HAKUNA.
Chini yake mtu, sijui nani, ameongeza kwa penseli:
mlango usigonge, ingia.