Daftari la Manyovu

Safu ya nne inauliza: watu wangapi katika kaya?
“Saba,” akasema Ndayikeza.
Nikahesabu: yeye, na mtoto mgongoni.
Kalamu ya serikali ikasita.

Kule pia walikuja na daftari,
wakasoma majina nyumba kwa nyumba.

Mkuu wa kituo kasema ghala tupu,
mahindi ya Kasulu hayajafika,
nasi si mama wa dunia.
Ni kweli. Ila shangazi za bibi yangu, Waha wa Heru,
waliolewa ng'ambo hiyo
kabla Mjerumani hajachora mstari kilimani.

Na nchi ni nini, bila mlango?
Ukuta hata mchwa hujenga.

Nikaandika saba.
Mablanketi mawili nikampa mkononi,
matano nikayapanga mezani.
Akayagusa moja moja,
akiita majina.