Daftari la Waongo

Doña Visitación ana miaka tisini na moja
na nyonga ya chuma.
Hafundishi kwa kitabu. Anafundisha kwa fimbo,
anaielekeza ukutani, kwenye picha za ukoo wake,
nami, Tsvetana wa Vidin, nimeketi kwenye kigoda,
mkono mmoja bakuli la supu ya kitunguu saumu,
mkono wa pili kalamu.

“Huyu hapa mwenye sharubu: embustero.
Sema.”
Nasema. Ulimi unajikwaa kwenye r
kama mgeni kizingitini.
“Aliuza shamba moja la mizabibu kwa watu watatu,
na wote watatu walikuja kulia mazishini kwake.”

Fimbo inasogea.
Binamu Leoncio: chaquetero, mgeuza koti.
Kabla ya vita jekundu, baada ya vita la buluu,
“lakini mifuko, binti, mifuko ilikuwa ileile.”
Shangazi Casilda: mosquita muerta, inzi mdogo mfu.
Nacheka. Nauliza inzi kakosa nini.
“Alilala chali kwenye sahani, kimya,
mpaka sote tukaondoka mezani.
Kisha akala.”

Caradura naliandika mara mbili. Uso mgumu.
Huyo ni shemeji, aliyeazima pete yake ya ndoa
kwa siku tatu, mwaka wa sitini na nne.
Siku tatu bado hazijaisha.
Kila Krismasi alikuja na macho makavu kama kokoto,
akaomba aongezewe nyama.

Estafador sikufundishwa na mtu.
Hilo nililijua kabla sijajua kuomba maji.
Kituo cha mabasi, Burgos, yule bwana wa wakala
alinivika kilemba cha ukoka:
“Mikono kama yako, bibie, Hispania nzima inaitafuta,”
akaondoka na pasipoti yangu na mishahara ya miezi miwili,
akaniachia risiti
yenye muhuri wa duka la viatu.
Polisi aliliandika neno hilo kwenye fomu
akaigeuza karatasi nilione.
Herufi tisa. Nilizihesabu.
Ada yake nililipa taslimu.

Nilipomsimulia, Doña hakusema pole.
Alisema, “Na chorizo. Andika.
Soseji, ndiyo. Na mwizi pia.
Nchi hii mmoja tunamla, wa pili anatula.”

Imebaki picha moja, karibu na dirisha,
fremu ya fedha, mimi ndiye ninayeipangusa.
Amancio, mwanawe, siku ya kuhitimu.
Fimbo haifiki pale.
Amancio anakuja Jumapili.
Amancio amekuwa akija Jumapili
tangu mwezi wa Oktoba.
Usiku, jikoni, nilifungua kamusi mwenyewe
nikapata cantamañanas: mtu aimbaye kesho.
Nililiandika kwa penseli, herufi ndogo ndogo,
nikageuza ukurasa upesi
kama aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu.

Jumapili iliyopita, saa kumi alasiri.
Aliamka kitini, shali imemwanguka begani.
“Amepiga?”
Simu ilikuwa baridi kama jiwe la kaburi.
“Amepiga,” nikasema, “ulikuwa umelala.
Anasema barabara ya Soria imefungwa.
Theluji.”

Ilikuwa Mei.
Mlango wa roshani ulikuwa wazi,
mbu wawili wakizunguka mawaridi ya jirani.

Alitazama nje, muda mrefu.
Kisha akanyoosha mkono, akanibana shavu
kwa vidole viwili vilivyopinda,
na kusema, “Embustera,”
polepole, kama mtu anayepuliza kijiko.
Neno lilelile la mwenye sharubu,
mkia tu umebadilishwa.

Nilishika daftari, nikatafuta pa kuliweka.
Sikupaona.

“Supu inapoa,” akasema.
Na baada ya vijiko vitatu, bila kuniangalia:
“Hiyo theluji. Ilikuwa nyingi?”

“Mpaka magotini, Doña,” nikasema.
“Mpaka magotini.”