Kuanzia Nywele

Taa nyekundu niliizima mwenyewe, mwezi wa pili,
mwaka ambao mteja wa picha za pasipoti
aliniuliza, kwa upole, kama bado ninaishi kwa kazi hii.
Alikuwa na simu mkononi, kioo kimepasuka,
na bado ilipiga picha kali kuliko mimi.

Studio ilikuwa ya mjomba Lugembe.
Aliniachia kamera mbili, deni la pango,
na pazia lililochorwa ndege ya abiria
ambayo nusu ya Kirumba imeipanda
bila kutoka Kirumba.

Shija, kijana niliyemwajiri afagie,
ndiye aliyeanza. "Dada Nyanzobe,
hizi negativu kwenye makopo ya maziwa,
mbona huziamshi?"
Nikamwambia aendelee kufagia.

Lakini neno likishatoka ni dagaa juani:
hata ulifunike, linanuka.
Nikakopa kwenye kikoba cha akina mama wa Mwaloni,
laki sita, riba ya kuumiza,
nikanunua skana iliyotumika.
Wiki nzima ilinionyesha mistari ya kijani.
Shija akaifungua, akatoa mende mmoja,
ikakubali.

Kisha wakaanza kutoka.
Bi harusi wa mwaka themanini na moja,
viatu vya kuazima vimemzidi.
Timu ya mpira, kipa hana glavu.
Mtoto analia mbele ya ndege isiyoruka.
Nikawapandisha mtandaoni, mmoja mmoja,
nikaandika: *Anayemjua huyu, aje.*

Wakaja.
Mama Ng'wasi alivuka na kivuko cha asubuhi, Kamanga,
akanyoosha kidole mbele ya kioo, hakukigusa.
"Huyu ni Luhende. Kabla ya homa."
Hakuwahi kuwa na sura yake popote
isipokuwa usingizini.
Nikachapa. Akalipa kwa simu, simu yangu ikalia,
akauliza kama hiyo ndiyo sauti
ya mtu kurudi.
Sikujibu. Hela nikamrudishia.
Shija alininunia mpaka jioni,
na alikuwa na haki: kodi ilikuwa kesho.

Kodi tulilipa. Picha ya Luhende ilileta majirani zake,
majirani wakaleta harusi.
Sasa tuna ndege ya kweli, mapanga manne,
nyepesi kama kuku wa wiki sita.
Siku ya kwanza, juu ya miamba ya Capri Point,
mwewe watatu wakaifukuza.
Bwana harusi akasahau kutabasamu,
akaanza kuwashangilia mwewe.
Ndiyo picha waliyoitundika sebuleni.

Kuna na kitufe cha kulainisha uso.
Bi Kabula, muuza sangara, nikamfutia kovu la shavuni
nikidhani namwongezea.
Akaitazama picha muda mrefu.
"Huyu dada yangu," akasema, "mlimpata wapi?"
Nikabonyeza nyuma. Kovu likarudi,
naye akarudi.

Umeme ukikatika, huwa nabaki mle chumba cha giza,
ambamo sasa inakaa kompyuta.
Dawa za mjomba bado zinanuka kwenye mbao.
Mkono unatafuta sinia lisilokuwepo,
karatasi ile iliyokuwa ikikupa uso wote kwa pamoja,
polepole, kama mtu anayeibuka majini.

Halafu taa zinawaka Kirumba yote, watoto wanapiga kelele,
printa inakohoa,
na mtu mwingine anaanza kutoka,
kuanzia nywele.