Walinzi Wawili, Nyawera

Wa kwanza nimemketisha penye waya,
mtandao unapotuingilia kama barabara ya Nyawera.
Anahesabu wapitao,
mwizi anamjua kwa mwendo.
Lakini gunia lililoshonwa halifungui:
likija na muhuri, anasema pita.

Wa pili hatoki nje.
Analala ndani ya mashine, kichwa juu ya leja,
anasikia faili likifunuliwa
kama mfuniko wa sufuria usiku.
Barabara hata ikiwaka moto, hana habari.
Tena anakula sahani moja na mashine ile;
atakayeiteka amemteka naye,
atamfundisha la kusema.

Bosi Bisimwa anauliza: tulipe yupi?
Koperative ni ndogo, mafuta ya jenereta ni ya deni.

Jumanne, saa nane usiku, umeme ukarudi.
Wa barabarani: shwari, hakuna mgeni.
Wa ndani: mstari mmoja.
Akiba ya wamama wa soko la Kadutu imeguswa,
kwa ufunguo halali.

Nikasoma jina la mwenye ufunguo.
Ntakwinja.
Mimi.

Kikulacho ki nguoni,
nami nilikuwa nakung'uta nguo za wenzangu.
Nikakumbuka msiba wa Walungu, gari linapiga honi,
neno la siri nikimwandikia Cirhuza
juu ya karatasi ya sabuni:
siku moja tu, kaka.

Asubuhi Bisimwa bado anataka jibu.
Wote wawili, nikamwambia.
Sikuketi.
Halafu nikamsomea ule mstari, na jina lake.